Nani Amwombe Radhi Nakijwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni zamani ile joto la mgonjwa lilipopimwa kwa kijiti cha kioo chenye zebaki, palikuwa na hospitali mlimani, upande wa Upare. Jina lake silitaji, maana waliokuwamo wana wajukuu. Sikilizeni vizuri, kwa sababu mwishoni nitauliza, na sitapokea jibu la "wote".

Hospitali hiyo ilikuwa na daktari wa upasuaji wa watoto, Daktari Ambakisye, mtu wa Rungwe, mrefu, mpole, asiyependa kukisia. Jambo moja la wodini lilimkera. Watoto wakubwa wakitoka kupasuliwa walisema, "Naumwa hapa," wakapewa dawa. Watoto wadogo hawakuweza kusema. Waliopiga kelele sana walipewa dawa ili wanyamaze. Waliopiga kelele kidogo waliambiwa pole. Wasiopiga kelele hawakuambiwa kitu.

"Hii si tiba," alisema Daktari. "Huu ni mnada."

Ikatokea akapata karatasi iliyoandikwa na madaktari wa ng'ambo kwa lugha yao. Ilikuwa kipimo cha maumivu kwa watoto wadogo. Ilisema: usimuulize mtoto, mtazame. Tazama uso. Tazama miguu. Tazama mwili. Sikiliza kilio. Kisha mbembeleze, uone kama anabembelezeka. Kila kimoja kipe sifuri, au moja, au mbili, halafu jumlisha. Mtoto wa sifuri haumwi. Mtoto wa kumi anaumwa hata anayemtazama anaumwa.

Daktari akaichukua karatasi akaenda nayo kwa Mwalimu Mmbaga, aliyekuwa amefundisha Kiswahili mpaka akastaafu, na ambaye hata barua za harusi alizirudisha kwa wenyewe zikiwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, daktari. Nani anaumwa?"

"Hakuna. Nataka karatasi hii iwe ya Kiswahili. Kiswahili cha kueleweka, ili muuguzi yeyote aisome."

Mwalimu Mmbaga hakuifanya kazi hiyo mezani kwake. Alikwenda wodini, akakaa kwenye kiti kando ya vitanda, akasikiliza. Akatofautisha mtoto anayelia na anayelialia, anayeguna na anayelalama, mwenye kwikwi na anayekwama pumzi. Wauguzi walimzoea, wakawa wanampa chai. Neno moja tu, kubembelezeka, lilimkalisha juma zima. Alipomaliza alileta karatasi yenye kila kitu. Kwenye mwili, pale pa sifuri, aliandika hivi: "Amelala kimya, kwa mkao wake wa kawaida, anageuka bila shida."

Daktari akampa karatasi hiyo muuguzi wa zamu, Sista Sekunda. Sista Sekunda alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, na wodi nzima ilimtegemea. Akaisoma. Akaigeuza nyuma, akakuta inaendelea.

"Daktari," akasema, "nikimaliza kusoma yote haya mtoto atakuwa ameshapona."

Daktari akaona ana haki. Muuguzi mmoja, wodi imejaa, huyu anatapika, yule dripu imechomoka. Akairudisha karatasi kwa Mwalimu.

"Mwalimu, fupisha. Kila kisanduku kiwe na neno moja, yakizidi mawili."

"Nikate nini?"

"Wewe ndiye mwenye lugha."

Mwalimu akakaa na kalamu. Akafika pale kwenye mwili. Amelala kimya, kwa mkao wake wa kawaida, anageuka bila shida. Akaona Kiswahili kimeshamaliza kazi hiyo zamani. Akafuta yote, akaandika: "Ametulia." Akafurahi. Lilikuwa neno zuri, na lilienea kisandukuni.

Karatasi fupi ikapelekwa mji mwingine, kwa mtu ambaye hakuwahi kuiona ile ya ng'ambo, airudishe katika lugha ya ng'ambo. Hivyo ndivyo inavyofanywa, ili ijulikane kama kuna kilichodondoka njiani. Ilitoka ikiwa imetulia, ikarudi ikiwa imetulia. Daktari akaiweka kando ya ile ya ng'ambo. Akaona ya ng'ambo ina maneno mengi zaidi. Lakini wazungu, akawaza, ndivyo waandikavyo. Akapiga sahihi.

Sasa ikabaki kukithibitisha kipimo. Wauguzi wawili watasimama mbele ya mtoto mmoja, wakati mmoja, kila mtu na karatasi yake. Hawatasemezana. Hawatamuuliza mama, maana mama ana huruma, na huruma inavuruga namba. Wakimaliza, karatasi zitalinganishwa. Wakikubaliana, kipimo ni cha kweli. Na Daktari akaweka amri: mtoto aliyepata nne kwenda juu apewe dawa ya maumivu mara moja. Wa chini ya hapo asubiri.

Wakaanza. Na semeni msemavyo, kipimo kilifanya kazi. Palikuwa na kitoto kichanga kilichopasuliwa mdomo, ambacho zamani kingeambiwa kinadeka. Kikapata saba, kikapewa dawa, kikalala. Palikuwa na mtoto mwingine aliyezoea kupiga mayowe kila akimwona mtu mwenye koti jeupe. Akapata mbili, akapewa mwanasesere, akanyamaza. Mnada ulikuwa umekwisha. Daktari alianza kutembea wodini akiimba kwa pua.

Ndipo akaletwa Nakijwa.

Nakijwa alikuwa na miaka minne. Utumbo ulikuwa umejisokota tumboni mwake, na mama yake, Namkunda, alimbeba mgongoni akateremka naye kutoka kijiji cha juu, kwenye mvua, mpaka mlango wa hospitali. Daktari Ambakisye alimpasua mchana ule ule. Alifanya kazi safi. Utumbo ulinyooka, jeraha likashonwa, mtoto akatolewa akiwa hai, na hilo lisisahauliwe tutakapofika kwenye kesi.

Wakati wa kumpokea, Sista Sekunda alimwambia Namkunda maneno aliyowaambia wote. "Mama, karibu. Hapa ni wodi ya waliopasuliwa. Kelele hatutaki, mmoja akianza wote wanaanza. Msaidie mtoto."

"Ndiyo, sista."

Asubuhi iliyofuata, dawa aliyotoka nayo Nakijwa chumba cha upasuaji ikawa imekwisha mwilini. Mtoto akafumbua macho. Uso wake ukaanza kukunjamana, mdomo ukaanza kufunguka. Namkunda akainama haraka sikioni pake.

"Jikaze, mwanangu. Jikaze, wewe ni mtoto wa mama yako. Usilie, watatufukuza."

Nakijwa akajikaza.

Akafunga mdomo. Akanyoosha miguu, maana akiikunja tumbo lilivutika. Akanyoosha mikono. Akatazama dari, akabaki hivyo.

Sista Sekunda akaja na muuguzi mwenzake, kila mmoja na karatasi yake. Wakasimama. Wakatazama.

Uso? Haujakunjamana. Sifuri.

Miguu? Imenyooka. Sifuri.

Mwili? Ametulia. Sifuri.

Kilio? Hakuna. Sifuri.

Kubembelezeka? Halii, utambembeleza nini? Sifuri.

Wakalinganisha karatasi. Sifuri na sifuri. Walikuwa hawajawahi kukubaliana kiasi hicho. Daktari alipoonyeshwa alisema, "Safi sana." Kisha akapita kitanda cha Nakijwa akitabasamu, akaenda kwa mwingine.

Wakarudi tena jua lilipopanda. Uso? Sifuri. Miguu? Sifuri. Mwili? Ametulia, sifuri. Kilio? Sifuri. Kubembelezeka? Sifuri. Safari hii Sista Sekunda aliona jasho kwenye paji la uso la mtoto. Akalitazama. Akaitazama karatasi. Jasho halikuwamo. Akasita kidogo, akamtazama mwenzake, na mwenzake alikuwa ameshaandika. Sista naye akaandika. Namkunda alikuwa amekaa pale pale. Hakuna aliyemuuliza neno, naye hakusema neno, maana kelele hazikutakiwa.

Adhuhuri ilipopita, Namkunda aliruhusiwa kumlowesha mtoto midomo, kwa kuwa kunywa alikuwa bado. Akachovya pamba majini, akaipitisha kwenye midomo ya mwanawe. Pamba ikarudi nyekundu. Akafikiri amekosea. Akachovya nyingine. Nayo ikarudi nyekundu. Akaushusha mdomo wa chini kwa kidole, akaona. Mtoto alikuwa ameutafuna mdomo wake kwa ndani tangu asubuhi.

Namkunda hakupiga kelele. Alikwenda mpaka mezani kwa Sista Sekunda, akaiweka pamba juu ya zile karatasi.

"Sista, hii ni ya mwanangu aliyetulia."

Sista Sekunda alikimbia. Nakwambieni, mwanamke yule alikimbia hata kandambili moja ikabaki njiani. Akamtia mkono Nakijwa begani ili amgeuze kidogo tu, na hapo mtoto akatoa sauti ambayo wodi ile ilikuwa haijawahi kuisikia. Watoto wengine wote walinyamaza. Dawa ikaletwa, ikaingizwa kwenye dripu. Baada ya muda macho ya Nakijwa yakaacha dari. Akalala. Sista Sekunda alibaki ameshika chuma cha kitanda, na mwenzake akaenda kumwokotea kandambili.

Nakijwa akapona. Mdomo ukapona kabla ya tumbo. Akaanza kunywa uji, akaanza kutembea akijishika ukuta, akaanza kuwasumbua wenzake. Daktari akampa ruhusa ya kwenda nyumbani. Namkunda akafunga mzigo wake, akamvika mtoto sweta, kisha akakaa kitandani, hakwenda popote.

"Mama, mmeruhusiwa," akasema Sista Sekunda.

"Najua, sista. Namngoja mtu."

"Nani?"

"Atakayemwomba radhi mwanangu."

Matroni akaja, akasema kwa upole kwamba hospitali inasikitika sana kwa yaliyotokea.

"Hospitali ina mdomo?" akauliza Namkunda.

"Namaanisha sisi sote tunasikitika."

"Sote ni nani? Mwanangu nikimwambia amekosewa na sote, ataniuliza sote anakaa wapi. Nataka mtu mmoja. Aje, ainame hapa, amwite kwa jina, amwambie, 'Nakijwa, nisamehe.' Akishasema naondoka. Wakija wawili pamoja siwataki, watajificha kila mmoja nyuma ya mwenzake."

Ikawa shida. Kitanda kilihitajika. Pale mapokezi palikuwa na mtoto mwingine mapajani mwa baba yake, anangoja kupasuliwa. Daktari Ambakisye akaitwa. Sista Sekunda alikuwapo. Mwalimu Mmbaga naye alikuwa wodini siku hiyo, akinywa chai. Wakasimama watatu mbele ya kitanda.

Daktari akaanza, maana yeye ndiye mkubwa. "Mama Nakijwa, mimi nilimpasua mwanao akapona. Nilikileta kipimo ili watoto wasiumie kimya. Kabla yangu walikuwa wanaumia, wala hakuna aliyeombwa radhi. Kweli niliagiza kifupishwe, lakini niliombwa na anayekitumia. Kweli nilisema mama asiulizwe, lakini ndivyo kipimo kinavyothibitishwa. Niliamini namba nilizoletewa. Nisipoziamini, niamini nini?"

"Wewe uliwekewa karatasi mbili mezani," akasema Mwalimu Mmbaga. "Moja ndefu, moja fupi. Hukuuliza urefu umekwenda wapi."

"Mwalimu, aliyeukata ni nani?"

"Ni mimi. Nilikata kwa sababu niliagizwa kukata. Mara ya kwanza niliandika vizuri, kila kitu kilikuwamo, na mlioikataa karatasi ile mko hapa. Tena 'ametulia' si neno baya. Mtoto mzima ametulia, ndivyo tunavyosema. Mimi nilitafsiri maneno. Kumwangalia mtoto haikuwa kazi yangu."

"Lakini ulikaa wodini hapa," akasema Sista Sekunda, "ukanywa chai yetu, ukaona watoto wanavyolala. Wapo waliotulia kwa raha, na wapo waliotulia kwa sababu wakisogea wanakufa. Mwenye lugha ni wewe. Neno moja ukawapa wote wawili."

"Na wewe mwenye macho? Uliliona jasho."

Sista Sekunda akajibu. "Nililiona. Na nikamtazama mtoto, nikasema moyoni, huyu hayuko sawa. Lakini tuliambiwa tusiongeze cha kwetu. Ningeongeza jasho leo, kesho mwenzangu angeongeza macho, keshokutwa tungerudi kwenye mnada. Nimefanya kazi miaka yote hii kwa kukisia, nikalaumiwa. Nikapewa karatasi ili nisikisie. Nikaifuata, nalaumiwa." Akamgeukia Namkunda. "Mama, unisamehe kwa hili nitakalosema. Aliyemwambia mtoto ajikaze ni nani? Mimi nilikuwa namtazama mtoto anayeumwa, wewe umemfunika."

Hapo Nakijwa, ambaye alikuwa ameketi na sweta lake, akamvuta Sista Sekunda aproni.

"Sista, si nilijikaza?"

Daktari akatazama dirishani. Mwalimu akatafuta miwani yake, nayo alikuwa ameivaa. Sista Sekunda akanyoosha shuka lililokuwa limenyooka.

"Ulijikaza, mwanangu," akasema Namkunda. "Ndiyo kesi yenyewe."

Kisha akawaambia wale watatu: "Sista amesema kweli. Nilimwambia. Nilimwambia kwa sababu niliambiwa kelele hazitakiwi, na nina mtoto mmoja tu, na hospitali ni hii moja tu. Nilikaa naye tangu asubuhi. Nilimwona hapepesi macho. Nikajisifu moyoni kwamba nimezaa mtoto jasiri. Wenye karatasi walipokuja mara ya kwanza ningeweza kusema. Walipokuja mara ya pili ningeweza kusema. Kwa hiyo sijitoi lawamani. Kama mnaona ni mimi, semeni ni mimi, nitapiga magoti hapa hapa mkiniangalia. Lakini msiniambie ni wote."

Akambeba mtoto, akachukua mzigo, ili kitanda kipate mgonjwa. Mtoto wa mapokezi akaingizwa. Namkunda akaenda kukaa kwenye benchi la barazani, Nakijwa mapajani, akasema, "Nawangoja hapa. Chagueni."

Wakabaki watatu wodini, na kazi ikaendelea, kwa sababu wodi haingoji. Siku hiyo hiyo Daktari alichukua kalamu, akarudisha kisandukuni yale maneno ya kwanza: kwa mkao wake wa kawaida, anageuka bila shida. Mwalimu akaongeza mstari chini: mtoto akitulia mno, mguse, mgeuze, umwone. Sista Sekunda akaongeza mwingine: muulize mama. Daktari akausoma huo wa mwisho mara mbili, akauacha. Karatasi ikawa ndefu. Hakuna aliyelalamika. Baadaye ilikwenda hospitali nyingine, na watoto wengi waliolala kwa amani hawajui habari ya benchi lile.

Lakini karatasi iliyosahihishwa haijamwomba mtu radhi. Jua lilikuwa linageuka, njia ya kijiji cha juu ni ndefu, na mama alikuwa bado ameketi. Mara Daktari alifika mlangoni, akarudi. Mara Mwalimu alifika mlangoni, akarudi. Mara Sista Sekunda alifika mlangoni, akamwona Mwalimu naye anakuja, akakumbuka kwamba wawili hawatakiwi, akarudi. Na Namkunda mwenyewe mara mbili alifungua mdomo juu ya kichwa cha mwanawe, akaufunga.

Mimi hadithi yangu naiweka chini hapo, mlangoni pa wodi. Daktari aliyeamini namba alikuwa amemwokoa mtoto. Mwalimu aliyekata maneno alikuwa ameyaandika sawa kwanza. Sista aliyeona jasho akaliacha alitii alichoagizwa. Mama aliyesema "jikaze" alisema kwa kuogopa kufukuzwa. Mlango ni mmoja, na anayetakiwa kutoka ni mmoja.

Haya, ninyi mliokaa kunisikiliza: je, ni nani kati yao aliyestahili kuinama mbele ya Nakijwa na kumwambia, "Nisamehe"?